Matonge ya Mkwe

Kosa nililolifanya Makote nililifanya kwa viganja hivi viwili, na hadi leo nikilikumbuka darasani hucheka peke yangu mpaka wanafunzi wananyamaza kunitazama. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimefundisha vita na mikataba mingi, lakini sijapata kusoma popote habari ya mtu aliyevuruga heshima ya ukoo mzima kwa kufinyanga wali.

Aliyenifundisha kufinyanga ni mwalimu mwenzangu, Mjapani, kijana mwembamba aliyekuja kufundisha fizikia kwa miaka miwili katika shule yetu upande wa Masasi. Tulikaa naye nyumba moja kabla sijaoa. Alikula kila tulichompa: ugali wa muhogo, mbaazi, ming'oko ya kuchimba porini, hata kiporo cha matembele. Wali tu ndio ulimtia huzuni. Aliuokota punje mojamoja, akasema umepikwa vizuri sana, kisha akashusha pumzi. Kwao ni kisiwa kidogo kusini kabisa mwa Japani, na huko, alinieleza, tonge la wali ni kitafunwa cha kila siku. Kila duka dogo unalikuta limefinyangwa pembetatu, lina chumvi na samaki ndani, limefungwa kwa mwani mkavu. Mwanafunzi analinunua akienda shule, fundi analila juu ya paa, bibi kizee analitia mkobani akienda msibani. Wanaliita onigiri. Ni kama nyinyi na mihogo ya kukaanga pale stendi, alisema. Nikaona ananitania, maana kwetu wali ni chakula cha sikukuu na wageni, haupandi juu ya paa.

Tulijaribu, na matonge yakavunjika. Wali wetu unapikwa uchambuke, punje hii isimjue jirani yake, na hiyo ndiyo sifa ya mpishi. Halafu Jumapili moja nikapitiwa, maji yakazidi, wali ukawa bokoboko. Nilikuwa naificha sufuria uvunguni mwa meza alipoingia. Akaitazama, akainua mikono yote miwili juu, akazunguka jikoni kama aliyefaulu mtihani. Wali ambao kwetu bibi harusi angeulilia, kwake ulikuwa ndio wenyewe.

Siku hiyohiyo akanionyesha. Unalowesha viganja, unavipaka chumvi. Wali uwe wa moto kiasi cha kukuunguza kidogo. Unatia samaki katikati, unafumba, unakandamiza mara tatu huku unazungusha, basi. Ukizidisha unapata tofali. Mwani hatukuwa nao, tukatumia jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalegea. Juu yake tukamwagia ufuta wa kukaanga, na ufuta Masasi si kitu cha kutafuta. Kwa jinsi nilivyo na viganja vipana, matonge yangu yalitoka makubwa kuliko yake, na nikajisifu mbele ya walimu wote. Jambo moja tu hakunifundisha, la pete, kwa sababu wakati ule sikuwa nayo.

Alirudi kwao, nami nikaoa. Mke wangu ni Mmakonde wa Makote, kule juu Newala, na mimi ni Mmakua wa Masasi, kwa hiyo harusini nilitaniwa hadi nikaomba maji. Utani niliuweza. Kilichonishinda ni mama mkwe. Katika nyumba ile mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima, na yeye aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Nikimwamkia shikamoo, marahaba ilitoka nyuma ya mlango. Akiwa na la kuniambia alimwambia kuku anayepita: "Wewe kuku, mtu akitaka kuoga, maji yamo kwenye ndoo ya bluu." Kuku akaenda zake, mimi nikaenda kuoga. Miaka miwili ya ndoa, nilimjua mama mkwe kwa visigino na kwa khanga zake.

Kisha mke wangu akapata mimba, na hapo ndipo heshima ilipogeuka mzigo. Mtoto wa kwanza, kwa desturi yao, huzaliwa kwa mama wa mzazi. Lakini kliniki wakasema presha imeanza kupanda, na tena mke wangu ni mfupi, asithubutu kujifungulia mbali na hospitali kubwa. Basi mama ashuke Masasi akae nasi. Mama akakataa. Aliituma sababu kwa njia ya binti yake, na sababu haikuwa na jibu: nyumba yenu ina vyumba viwili, nitakula wapi mkwe asinione? Nitapita wapi kwenda chooni? Mke wangu alikuwa jasiri kwa mambo yote, hata nyoka aliua mwenyewe, ila hilo la kuzaa lilimtisha. Alianza kulia katikati ya maongezi ya kawaida, akichambua mchele au akifunga mlango. Alikuwa akisema neno moja tu, kwamba anamtaka mama. Mimi nilimtaka mama mkwe kuliko yeye, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nyumbani kwetu mzazi hakuwepo, alikuwepo mwalimu wa historia.

Tukapanda Makote wakati wa korosho, sisi wawili, kusaidia kuokota na kubembeleza. Siku ya kwanza shambani mchana ukaletwa ugali kwenye sinia. Watu mikono yote imelowa maji ya mabibo, inanata, ina vumbi. Na kule juu maji si ya kuchezea. Ndoo moja inatoka mbali. Nikawaona wanawake wanne wananawa kwa kikombe kimoja, wa mwisho akanawa tope. Mdomo wangu ukaniponza. Nikamwambia bibi yake mke wangu, aliyekuwa amekaa karibu yangu, kwamba mimi nakijua chakula ambacho mtu anakila shambani bila kunawa.

Bibi huyo, mama yake mama mkwe, ni mtani wangu kwa haki zote za mjukuu. Huniita mume wake, au kwa ulimi wake, "nume wangu". Hana meno ya mbele na hana aibu hata moja.

"Nume wangu, wewe Mmakua unajua kula bila kunawa, hilo silikatai," akasema. "Lakini kesho unionyeshe."

Kwa hiyo asubuhi yake, mama mkwe alipokwisha kwenda shambani, nikajikuta nimejifungia jikoni kwa bibi, nyumba ya pili kutoka ile kubwa ya mama mkwe, mwanamume mzima na suruali yangu ya kazini. Mke wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni kupiga doria, tumbo mbele. Bibi ndiye aliyepika.

"Ongeza maji, bibi," nikamwambia.

"Yanatosha."

"Kikombe kimoja tu."

Akanigeukia na upawa mkononi. "Nimepika wali tangu mama yako hajavunja ungo. Unataka niharibu nchele wa watu makusudi?"

"Nataka ushikane."

"Wali wa kushikana ni wa ngonjwa."

Akaongeza, huku akimwita Mungu awe shahidi kwamba ametumwa. Wali ukaiva bokoboko safi. Nilipochukua bakuli la samaki akachungulia akauliza ni samaki wa maji au samaki nchanga. Samaki nchanga, kwa wasiotujua, ni panya wa shambani, na akikaushwa vizuri hana mpinzani. Nikamwambia ni dagaa. "Basi unanidhulumu," akasema, akakaa kutazama.

Nikalowesha viganja, nikapaka chumvi, nikaanza. Sijui nieleze vipi furaha ya asubuhi ile. Wali ulinichoma nikawa naruka mguu huu na huu. Mke wangu, ambaye hakuwa amecheka kwa wiki tatu, alicheka hadi akashika mlango, akaniambia nisimzalishe pale. Bibi alijaribu moja, akalibonyeza kwa nguvu za kutwanga, likatoka kama kipande cha sabuni. Akalila palepale ili kuficha ushahidi. Mimi nilifinyanga thelathini na mbili. Tukayafunga kwa majani ya mgomba, tukayapanga kwenye ungo, mke wangu akajitwisha, bibi akamfuata. Nikapita njia ya nyuma, nikaingia shambani kwa upande mwingine, nikainama kuokota korosho kama mtu aliyekuwepo tangu alfajiri.

Chakula kikazunguka. Watu walishangaa kidogo, wakauliza kama ni sambusa ya wali, kisha wakashika jani kwa nje, wakala kwa ndani, vidole vyao vyenye bibo havikugusa kitu. Mama mkwe alichukua lake akaenda nyuma ya mkorosho wa mwisho, akakaa kunipa mgongo. Nilichoona ni majani tu, yakidondoka pembeni yake. Jani la kwanza. Baadaye kidogo akaagiza jingine kwenye ungo, jani la pili. La tatu. Akaanza kuuambia mkorosho:

"Mwanangu huyu amejifunza wapi? Nkono wake nausifu. Kumbe Masasi wanapika."

Mke wangu akapaliwa. Bibi akampiga mgongoni, machozi ya kicheko yanamtoka bibi mwenyewe. Mimi nikawa mrefu kama mnazi, ingawa nilikuwa nimeinama. Kusifiwa mkono na mama mkwe, hata kama hajui anamsifu nani! Niliokota korosho kwa kasi ambayo shamba lile halijaiona tena.

Lilipofika tonge la nne akanyamaza. Nikatupa jicho. Alikuwa amelishika karibu na macho, analigeuza. Kwenye kila tonge nililofinyanga siku ile, upande wa chini, palikuwa na mfereji mdogo mnyoofu, wenye alama mbili za msalaba katikati, kama muhuri. Sikuwa nimeuona. Mama mkwe aliuona. Akageuka akatazama vidole vya binti yake: vimevimba kwa mimba, pete ameitoa, ameifunga kwa uzi shingoni. Akatazama vidole vya bibi, ambavyo havijavaa pete tangu kuumbwa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe, mama mkwe akanitazama mimi. Hakutazama uso, alitazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa na korosho tatu na pete ya harusi yenye misalaba miwili.

Akabaki na nusu tonge mkononi. Akalimaliza. Akavuta khanga kichwani, akainuka, akaenda nyumbani bila kumwambia kitu mtu, wala kuku, wala mti.

Ule urefu wa mnazi ukaniishia. Kumpikia mkwe ni jambo moja, lakini hili lilikuwa kuchukua chakula, kukibana katika viganja vyangu vitupu, na kumtia mama wa mke wangu mdomoni, yeye ambaye hata kikombe sikupata kumpa mkononi. Mke wangu alikuja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele.

"Alikuwa anakaribia kukubali," akasema. "Jana usiku aliniuliza kama Masasi kuna joto."

Niliogopa kweli. Nilijiona siku ya mke wangu kujifungua nikiwa peke yangu naye, kwa sababu ya ufundi wangu wa kipuuzi. Kwa kuwa hakukuwa na la kufanya, nikaenda nyumbani nikakaa barazani kwa bibi, ambapo ukuta wake unapakana na uchochoro wa nyumba kubwa na kila neno linapita. Bibi naye akaingia kwa mama mkwe, akarudishia mlango. Nikasikia kila kitu.

"Nimekula kiganja cha nkwe," sauti ya mama mkwe ilisema, imebanwa na khanga.

"Umekula."

"Tena shambani, mbele ya watu."

"Walikuwa wanakula, hawakukuona. Umekula mangapi?"

"Manne."

"La kwanza ni bahati mbaya," bibi akasema. "La pili njaa. La tatu tuseme hukujua. La nne ulipoliona lina pete ulilitupa?"

Kuku mmoja alipita mbele yangu, nikamtazama kwa matumaini.

"Sikulitupa," akasema mama mkwe.

"Ulilimaliza. Nilikuona. Sasa maji yakimwagika hayazoleki. Heshima imeshavunjika, na mimi ntu nzima nakwambia, isivunjike bure. Ulikuwa huendi Masasi kwa sababu hutaki akuone unakula. Sasa huyo si kukuona tu, kakulisha. Unaficha nini tena? Ntoto wako ana presha, anakulilia wewe."

Sikuweza kukaa, nikasimama. Mke wangu alikuwa amefika, tukashikana pale barazani kama wezi wanaosubiri hukumu. Ndani pakatoka sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Mke wangu akanibana mkono. Mama yake alikuwa anacheka, kicheko cha kujizuia kinachotokea puani, na bibi akakidaka, wakawa wawili.

"Faini," mama mkwe akasema alipopata pumzi. "Atoe kuku."

"Atatoa."

"Awe nkubwa."

Nilinunua jogoo ambaye hadi leo sijamwona wa kufanana naye, nikambeba mwenyewe kutoka kwa jirani huku ananipiga mabawa usoni. Nikamkabidhi bibi, bibi akamkabidhi mama mkwe. Wiki tatu baadaye mama mkwe akateremka Masasi na begi moja, mkeka, na masharti. Sebule yetu ikagawanywa kwa shuka lililofungwa kamba, na yeye akala nyuma ya shuka. Maneno aliendelea kuyaambia vitu. Redio yetu ilipewa maagizo mengi kuhusu uji na kuhusu wanaume wanaoacha viatu mlangoni. Lakini mke wangu aliacha kulia. Nilimsikia akiimba anapofua, na kwa hilo ningevumilia mashuka kumi.

Uchungu ulianza asubuhi moja baada ya chai. Walipokuwa wakifunga nguo mimi nikakimbilia jikoni, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho mikono yangu ingeweza kufanya, nikafinyanga matonge manane. Pete nilivua. Kwa haraka yangu yakatoka kila moja na sura yake.

Hospitalini walimchukua ndani, sisi tukaachwa kwenye benchi la nje. Tulikaa yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, katikati beseni la nguo na mfuko wa matonge. Saa tatu, saa nne, saa tano. Kila mlango ulipofunguka tuliinuka wote, kisha tukakaa. Hapakuwa na shuka, hapakuwa na ukuta, na hapakuwa na kuku wa kumwambia neno. Nilitazama sakafu. Nilimsikia akisali, mara akisahau na kuanza upya. Kwenye saa saba hivi nikasikia jani linafunguliwa. Hakugeuka kunipa mgongo. Alikuwa anakula palepale, ameelekea upande wangu, anatafuna kwa haraka kama mtu asiyejua anachokula, na macho yake yote yako kwenye ule mlango. Nilitaka kulia.

Mlango ukafunguka, muuguzi akasema ni mtoto wa kike na mama yake mzima.

Mama mkwe aliruka kupiga vigelegele, na mdomo ulikuwa umejaa wali. Kigelegele kikatoka hivyohivyo. Punje, dagaa na ufuta vilinipata usoni, shingoni, shati zima la bluu. Muuguzi akarudi nyuma. Mama mkwe akasimama ameshika mdomo, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza tukatazamana uso kwa uso, mimi na yeye, nimechafuka wali wangu mwenyewe.

"Mwanangu," akaniambia, mimi, si benchi, si mlango. "Makote wasijue."

Nikampa mkono. Wa kwake ulikuwa na chumvi na unanata, akanishika, akanivuta tuingie wodini.